Mzee Anapoumwa Bila Homa

Nakumbuka, mwanangu, masika ya kwanza baada ya sisi kuhamia kijiji cha ujamaa huku Ringwani. Asubuhi moja chakula cha baba mkwe wangu kilirudi jikoni vilevile nilivyokipakua. Mzee yule alikuwa mlaji, tena mkali. Siku hiyo hakula, wala hakuulizia ng'ombe wake.

Kwetu mkamwana hamgusi baba mkwe, wala haingii anapolala. Nikamwambia mume wangu, Marwa. Aliingia, akampapasa baba yake kipaji cha uso, akatoka.

"Hana homa. Ni uzee tu," akasema, akabeba jembe kwenda shamba la kijiji.

Kesho yake nikamwambia tena, jibu likawa lilelile. Niliogopa, nikanyamaza. Usicheke, siku hizo nilikuwa mpole.

Siku iliyofuata akaja Mzee Nyamhanga, aliyetahiriwa pamoja na baba mkwe. Alipoingia kumjulia hali, mgonjwa alimwita kwa jina la mwenzao wa rika aliyekwisha kufa. Nyamhanga akatoka na fimbo yake, akamkabili Marwa.

"Wee kijana, unangoja baba yako achemke kama mtoto? Sisi wa rika letu hatuchemki tena! Funga ng'ombe kwenye mkokoteni, haraka!"

Kule zahanati, mganga alisikiliza kifua, akasema ni nimonia, tena imekomaa. Akatueleza kwamba damuni mna chembe nyeupe zinazoulinda mwili. Kwa kijana, chembe moja ikikutana na kijidudu hupeleka habari kwa nyingine, nazo huja mbio, mwili ukawaka moto. Kwa mzee, chembe mpya huwa chache, na zile za zamani hupashana habari kwa kuchelewa. Vita vipo, homa haipandi. Chembe nyingine hazijui kunyamaza hata adui akiondoka, na hilo huchangia maumivu ya viungo tunayoyalalamikia sisi wazee.

Baba mkwe alipona polepole. Nyamhanga alifariki kiangazi kilichofuata, kwa kifua. Wanawe walikuwa wamempapasa kipaji wakakikuta baridi, wakaenda zao kuvuna. Iliniuma, na inaniuma bado.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mzee hafichi, mwanangu, ni mwili wake uliochelewa kupiga yowe. Basi usimpime kwa kiganja peke yake. Tazama sahani yake, sikiliza maneno yake, angalia anavyosimama. Akibadilika ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usiseme ni uzee. Uzee hauji kwa siku moja.

Nami sasa ni mzee, na upole ule ulinitoka zamani. Siku mkiniona nimeacha kuwagombeza, msishukuru. Nipelekeni.

Mungu awafikishe uzeeni, na awape huko watu wa kuwatazama.