Mtutu Uliokuwa Ukicheza

Askari walimwita fundi wao wa bunduki Mama Pini, maana akifungua bunduki alizibana pini zake midomoni kama fundi cherehani. Zilipoletwa bunduki mpya za vipande, alizipenda kama kitu alichokizaa mwenyewe. Unachomoa mtutu mfupi wa polisi wa mjini, unapachika mrefu wa kwenda porini, shughuli imekwisha.

Kisha mitutu ikaanza kucheza. Komeo lililo kwenye mtutu, la kuushika usichomoke, lilikuwa linalika upesi. Akamwendea mkuu wa ghala la silaha.

"Afande, hizi zitakuja kumlipukia mtu usoni."

"Vipuri vimeagizwa. Kikosi kinaondoka kesho. Unataka niwape fimbo?"

Akarudi mezani, akakaza alizoweza. Moja ikamshinda kabisa, nayo ilikuwa ya mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na binti mwenyewe mjamzito, miguu imemvimba. Mtutu wa akiba haukuwepo. Mama Pini akaikodolea macho ile bunduki mpaka macho yakamwasha. Mikono ikatangulia, akili ikabaki nyuma: akauchomoa mtutu mbovu, akaupachika kwenye bunduki ya dereva wa kikosi, na ule mzima wa dereva akampa mkwe. Dereva kazi yake usukani, alijiambia, atafyatua saa ngapi?

Gari lilivamiwa njiani, hata dereva ikabidi afyatue. Mkwe alirudi mzima. Dereva alirudishwa kwa machela, uso wote bandeji.

Mama Pini alipofika wodini, dereva alimtambua kwa sauti. Siku zote alikuwa akimtania.

"Mke wangu mdogo, umekuja? Hebu niambie wewe fundi. Niliishika vibaya?"

"Hukukosea kitu, baba."

Akatoka mbio hadi kwa mkuu, akamweleza yote. Mkuu akainuka, akafunga mlango.

"Nyamaza, mama. Ukifungua mdomo tunazama wote, na mkwe wako pia. Nenda nyumbani ukapumzike."

Hakwenda nyumbani. Alirudi hospitali, akamkuta mke wa dereva kwenye benchi la ukumbini, na mfuko wa nguo mapajani.

"Mwanangu," akasema, "ule mtutu niliufunga mimi. Nilijua ni mbovu. Nilimwepusha mkwe wangu."

Yule mwanamke akauchukua mfuko wake, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi, uso ukutani.