Siku Nilipojichorea Taya

Hadi leo sipendi mtu ataje GV mbele yangu, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, maana iliniaibisha wodi nzima ikitazama (hospitali ilikuwa Homa Bay, jina naliacha). Ilikuwa miaka ya tisini. Kule mnada wa ng'ombe Ogwedhi nilijifunga kamba ya fahali kiunoni ili mikono iwe huru kula mahindi, fahali akaondoka nami, nikatua kwa kidevu juu ya jiwe, na mdomo ukawa unafunguka kiasi cha kijiko tu.

Daktari wa upasuaji, mgeni aliyekuwa anaondoka kesho yake jioni, akanichora mstari wa kalamu mbele ya sikio, akasema asubuhi ataingilia hapo, na pakikataa atapitia chini ya taya. Kisha akamnong'oneza nesi kwamba jicho langu lichungwe, lisije likashindwa kufumba. Nikashtuka. Kilichogonga jiwe ni kidevu, huyu anataka sikio na jicho? Ana mnunuzi wapi?

Alipotoka nikalamba kidole nikafuta mstari, nikachukua chupa ya GV ya mzee wa kitanda jirani (alikuwa amelala) ili nichore alama pale panapostahili, kidevuni. Chupa ikaponyoka. Nikawa zambarau kuanzia midomo hadi kifuani, shuka nalo, na kadiri nilivyosugua ndivyo rangi ilivyopanda mashavuni.

Asubuhi shangazi yangu kutoka Rodi Kopany, ambaye sisi humwita Waya, akaingia, akasimama mlangoni.

"Nyathina, mwanangu, umekunywa wino?"

Wodi ikacheka, hata mzee mwenye chupa.

Daktari, aliyemfuata nyuma, hakucheka. Akatafuta mstari wake, akaukosa, nami nikaungama yote, hata hofu ya jicho.

"Ukiusukuma mlango kwa nguvu, bawaba ndiyo huvunjika," akaniambia. "Bawaba ya taya yako iko hapa, mbele ya sikio, na mshipa wa fahamu unaofumba jicho unapita karibu. Ndiyo maana nilitaka lichungwe. Nikiondoka bila kukupasua, huenda ukalishwa kwa kijiko miaka yote. Sasa nikupasue mimi, au tumngoje aliyekuchora?"

"Wewe, daktari," nikasema kupitia meno.

Akanichora upya, na Waya akanishika mikono yote miwili mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, kama mwizi wa kuku.

Jicho linafumba, mdomo unafunguka (kupita kiasi, asema Waya). Daktari yeyote bado namshuku, na namuuliza maswali mpaka achoke, ila mikono huwa nimeikalia.