Mama Ameinama Dirishani

Ukoo wetu ni wa watu warefu. Pale Ifakara watoto hunipa shikamoo, kisha huniuliza kama huko juu mvua imeshaanza. Urefu huo nimeurithi kwa mama, na siku tulipopanda ndege ndogo kumpeleka Dar es Salaam kupasuliwa jicho, ulitutesa sote wawili.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshapofuka. La kulia lilibakiwa na ukungu, na daktari alituambia wazi kwamba upasuaji unaweza kuliponya au kulimaliza kabisa. Mama alikubali, ila akataka kiti cha dirishani. Alitaka kuliona bonde alilolima maisha yake yote.

Aliyetengeneza viti vile sijui alimpima nani. Magoti yangu yalikisukuma kiti cha mbele mpaka abiria wake akageuka kunitazama kwa hasira, nami nikamtazama vilevile. Nilikaa upande, shingo imepinda. Kwa mama ilikuwa mbaya zaidi, maana dirisha lilimfika kwapani. Akikaa wima, haoni kitu.

Ndege iliponyanyuka, mama akainama. Aliinama kutoka kiunoni, magoti kayatanua, kama anavyoinama akivuna mpunga kwa kisu.

“Mama, utaumia.”

Hakunisikia. Nami nikainama kando yake, nikaona. Nimezaliwa pale, lakini sikujua. Maji yalitanda kila upande, mpunga wa kijani ndani yake, mto ukigawanyika na kukutana tena hadi kule Lupiro, na milima ya Udzungwa imesimama juu ya yote. Nilisisimka mwili mzima. Nilisahau kabisa habari ya magoti.

Kwenye majaruba palikuwa na vitu vyeupe vimeinama majini. Kwetu hupiti penye watu wanaolima ukanyamaza. Mama akapaza sauti kwenye kioo, “Poleni na kazi!”

Abiria wakaangua kicheko. Mimi niliona vizuri: walikuwa ndege yangeyange, wanatafuta vyura.

“Wameitikia?” mama akauliza.

“Wameitikia, mama.”

Hakuinuka. Alibaki hivyo hivyo mpaka bonde likaisha na mawingu yakafunika kioo. Nikamshika mkono kumsaidia kunyooka, taratibu, maana mgongo ulikuwa umekaza.

“Haya,” alisema akifuta jicho. “Hata madaktari wakishindwa, nimeshaaga.”