Siku Niliyomkatiza Bwana Said Bismillah

Watu wa mtaani kwetu hukisimulia kisa hiki kwa kukitia chumvi, kwa hiyo ni afadhali mkisikie kwangu, nami nakiri mapema kwamba aibu ile niliitafuta kwa mikono yangu.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, nami ndiyo kwanza nimerudi kutoka chuoni Uganda. Wazee wangu walikuwa wamepeleka posa kwa Bwana Said, muuza leso, kwa ajili ya binti yake, na tulikuwa twangoja jibu. Asubuhi moja nikapita dukani kumwamkia (baada ya kuizunguka kona mara kadhaa nikipanga maneno), nikamkuta amezungukwa na wateja, anawaonyesha mashine mpya ya hesabu, ile ya kuzungusha mkono.

“Msomi, hebu niambie, hesabu moja yachukua muda gani?” akaniuliza.

Mtu mwingine angejibu, “Haichukui kitu, ami,” akanywa kahawa yake. Mimi nikatoa mfukoni saa ya kupimia mbio. Nikabonyeza, akazungusha, nikabonyeza tena, nikaona kidole changu ni kizito kuliko mashine: kazi imekwisha, mimi bado. Nikawaza na kuwazua, nikamwomba azungushe mara hamsini mfululizo, nipime zote pamoja kisha nigawanye, na kosa la kidole ligawanyike nalo.

Fikra nzuri. Lakini Bwana Said hafungui hata kasha bila kumtaja Mola, na kila mzunguko aliuanza kwa Bismillahi Rahmani Rahim, yote, kwa tajwidi, bila haraka. Mkono wazunguka kufumba na kufumbua, Bismillah ndefu kuliko kazi yenyewe. Sikuwa napima mashine tena, napima kisomo! Jasho likanitoka, hesabu yaharibika na mkwe mtarajiwa anitazama, na kabla ulimi haujashauriana na akili nikapaza sauti:

“Ami, acha Bismillah!”

Bwana Said akauachilia mkono wa mashine.

“Weye wanikataza jina la Mungu dukani mwangu?”

Hapo ningeomba radhi, yakaisha. Mimi nikaeleza. “La, ami, isome peke yake mara hamsini, niipime, kisha niitoe katika hesabu, ibaki mashine.”

“Astaghfirullah, ataka kuitoa!” akamaka mama mmoja, akaiweka chini leso aliyokuwa akiichagua. “Huko ndiko kusoma?”

“Akioa huyu,” mwenziwe akadakia, “atampima mkewe rakaa!”

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa keshasikia, amekaa kitako, mkono shavuni. Wazee wakaenda kuniombea radhi. Bwana Said akawapokea vizuri, akawamiminia kahawa, akasema kijana hana ubaya, ana wasiwasi tu. Kuhusu posa, alikuwa amemuuliza binti yake, naye akajibu: “Baba, aliyeiona Bismillah ndefu, mimi nikikawia jikoni si ataniona mwaka?”

Aliolewa Lamu. Saa nilimpa mwalimu wa michezo, na nimeapa: mtu akiwa anasema lake, namngoja amalize.