Bibi wa Kwenye Filamu

Pale Mtunda, Bibi Sikujua, mwalimu mstaafu na mjane wa Mwalimu Dadi, hakuwa na doa. Ukoo wao ulikuwa wa kutolewa mfano. Ndiyo maana vijana wa filamu kutoka Dar es Salaam walimfuata yeye, naye hakuwakatalia.

"Bibi, tunatafuta mama mkwe mwenye heshima zake," alisema Abdulrazaq, kiongozi wao. "Wewe pepeta mchele tu, halafu tabasamu."

Akapepeta, akatabasamu. Wakashukuru, wakaenda zao.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye kibanda cha video Kibiti, ungo wake ulipepeta katikati ya radi, na macho yake yalikuwa yametiwa wekundu kwa kompyuta. Mkaza mwana analia mimba imetoka. Bibi Sikujua anatabasamu. Mchawi, basi. Kwani filamu hizi zina bibi wa namna nyingine?

Tangu hapo watoto wakimwona huvuka njia. Naye akaanza kukikwepa kioo, maana kila akijitazama, yule wa kwenye filamu huwa amemtangulia.

Kisha mjukuu wake mchanga akatimiza siku arobaini. Kwa desturi ya nyumba yao, mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza mikononi mwa mama wa baba yake. Nassibu, baba wa mtoto, ndiye mwanawe wa pekee. Bibi Sikujua asipombeba mtoto huyu, kijiji kitakuwa kimeshahukumu.

Wanawake walijaa sebuleni. Bi Ashura, mama wa Maimuna mke wa Nassibu, akamsogelea bibi.

"Mkwe wangu, wewe kaa upumzike. Nitamtoa mimi. Magoti yako hayo..."

"Magoti yangu yamekulalamikia lini, Ashura?"

"Magoti ya nini," sauti ikadakia kutoka nyuma, "si atapaa naye!"

Kicheko kikapasuka. Maimuna akainuka mkekani na mtoto wake.

"Mwacheni mama mkwe. Niliyezaa ni mimi. Mama, mpokee."

Kicheko kikakatika. Bibi Sikujua akampokea mtoto, akapiga bismillahi kwa sauti ili kila mtu asikie, akavuka kizingiti kichwa juu. Vigelegele vikapigwa, japo vichache. Jina la nyumba limesimama, alijiambia.

Lakini kanga aliyoviringishiwa mtoto ilikuwa ikivutwa kwa nyuma. Akageuka. Maimuna alikuwa nyuma yake, macho chini, ameshika pindo la kanga ile. Hakuliachia mpaka waliporudi ndani.