Supachaja Yangu ya Makutano

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Meru, na naomba ulikumbuke hilo ukifika mwisho.

Gari langu ni kuukuu. Kwenye mlima wa Timau lilikuwa likipitwa hata na trekta za ngano. Nikasoma kwenye simu kwamba supachaja husukuma hewa nyingi ndani ya injini, ikapata nguvu. Bei ilinitisha, kwa hivyo nikaenda kwa fundi mmoja Makutano nikamwomba ya bei nafuu.

“Iko, mwalimu,” akasema. Akafunga kidude cha bati kando ya injini, akakiunganisha na betri. Kikavuma vizuri sana.

Nilisumbua watu wiki mbili nzima. Nikikaribia shule nilipunguza mwendo ili walimu wenzangu wasikie ule mvumo. Siku moja nikapita trekta, nikatangaza kwa kila mtu. Sikusema kwamba trekta hiyo ilikuwa imesimama.

Siku ya wazazi, mwalimu mkuu akaniomba nifungue boneti nieleze. Nikahubiri habari za presha ya hewa mpaka Mama Kendi, mzazi anayechoma nyama Makutano, akainama kutazama.

“Mwalimu, hii si feni ya jiko langu? Nilimuuzia fundi juzijuzi, ilikuwa imeshindwa kuivisha mbavu.”

Wazazi wakasogea. Nikajikaza nikasema hewa ni hewa, bora iingie kwenye injini.

Mama Kendi akafuata mdomo wa feni kwa kidole, taratibu, hadi ulikoelekea.

“Ni sawa, mwalimu. Lakini hapa naona unapulizia taa.”