Neno "fine" lilivyotaka kuvunja uchumba wa dada yangu kule Myamba

Wakuu, heshima kwenu wote, wa bara na wa visiwani.

Leo mvua imenifungia ndani hapa Same, kazi ya saiti imelala, nikaona niwape kisa hiki. Chumvi sitaongeza. Wa kuchekwa humu ni ukoo wangu mwenyewe, sasa nidanganye ili iweje?

Mimi ni fundi umeme. Kiingereza changu ni cha form four, kikaongezewa nguvu na maelekezo ya kwenye maboksi ya vifaa. Lakini kwetu Myamba, huko juu milimani, nahesabika kama mtu wa Kiingereza.

Dada yangu Namkunda, anayenifuata kuzaliwa, ni nesi. Alipata kazi Zambia, mji wa Kitwe. Huko akakutana na Chanda, fundi mitambo wa mgodini, mtu mpole sana. Wakapendana, wakataka kuoana.

Basi watu wa Chanda wakafunga safari kuja kuposa. Walikuwa watatu. Chanda mwenyewe, baba yake mdogo aitwaye Mzee Mulenga ambaye ndiye alikuwa msemaji, na shangazi yake, Bi Chola.

Kwa upande wetu baba alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo msemaji alikuwa baba mkubwa. Mkalimani ndiyo mimi.

Najua mtauliza kwa nini Namkunda asitafsiri. Kwetu binti anayeposwa hakai kwenye kikao mpaka aitwe. Alikuwa jikoni. Na Chanda naye kwa mila zao alitakiwa akae kimya, wakubwa waongee.

Nilienda kuwapokea stendi Same asubuhi, tukaanza kupanda mlima. Njiani lori la tangawizi lilikuwa limekwama kwenye kona, tukasubiri mpaka livutwe. Tukafika Myamba ukungu umeshashuka, wageni wanatetemeka, na wazee wamekaa wametununia.

Bi Chola alipofika mlangoni akachuchumaa mbele ya bibi yetu na kupiga makofi taratibu kwa viganja. Ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Bibi akanigeuzia uso akasema, "Huyu kalelewa."

Nikajua tumeanza vizuri.

Wakaletewa makande. Bi Chola akamaliza sahani yake, bibi akataka amwongeze. Bi Chola akatabasamu, akasema, "I'm fine."

Bibi akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema safi."

Bibi akafurahi, akajaza sahani. Mgeni akala kwa adabu. Bibi akarudi na upawa. "I'm fine, I'm fine." Nikatafsiri safi mara mbili. Akajazwa tena.

Wakuu, yule mama alikula mpaka akaegemea ukuta. Chanda ndiye alininong'oneza kwamba shangazi anakataa, ameshiba. Mimi shuleni nilifundishwa "how are you, I am fine". Hakuna mwalimu aliyeniambia kuwa neno hilohilo ni la kukataa chakula.

Kikao kikaanza. Baba mkubwa ni fundi seremala, ana utani wa uso mkavu, na anapenda sana kuokota maneno mapya. Akaanza kwa kusema wageni wamechelewa, na kwetu anayechelewa kwenye posa ana faini ya kreti mbili za soda.

Nikatafsiri kwamba kuna fine ya soda.

Mzee Mulenga akacheka, akajibu, "That's fine."

Baba mkubwa akaniuliza, "Hiyo fine ndiyo faini?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo faini hiyohiyo. Na kweli ndiyo. Akatikisa kichwa, akawa analirudia taratibu kama mtu anayeonja asali.

Chanda akaagiza soda dukani. Zilipoletwa nikatoka nje kusaidia kuzishusha kwenye bodaboda. Nilikawia kidogo, maana kreti moja ilikuwa imefungwa vibaya.

Kumbe huko ndani mama yangu ameamua kuongea.

Mama siyo muongeaji. Ila lilikuwepo jambo lililokuwa linamnyima raha tangu asikie habari za Zambia. Baba alifia mbali kikazi, na mpaka tumlete nyumbani tulihangaika sana. Kwa hiyo akamtazama Mzee Mulenga usoni, akaongea kwa Kiswahili, huku mikono inasaidia. Mwanangu akiugua huko kwenu, nani atamrudisha kwangu?

Mzee Mulenga hakuelewa kila kitu, ila alielewa kwamba mama anaogopa kwa ajili ya mtoto wake. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa upole, "Don't worry. She will be fine."

Mimi sipo. Mkalimani akawa baba mkubwa.

Akawageukia watu, akasema, "Anasema atapigwa faini."

Niliporudi na kreti begani nilikuta chumba kimekufa ganzi. Mama analia bila sauti. Baba mkubwa amesimama, kofia kichwani, amekaza taya. Mzee Mulenga anaangalia huku na huku, hajui amekosa nini.

Baba mkubwa akaniambia, "Waambie kikao kimeisha. Hatuozi binti mahali ambapo akitaka kuja kumwona mama yake anatozwa faini."

Nikaweka kreti chini. Sikuelewa kitu. Nikamwomba anieleze kilichosemwa, neno kwa neno. Akaeleza. Nikamuuliza Mzee Mulenga naye, akarudia alichosema.

Hapo nikaelewa. Nusu nicheke, nusu nilie. Nikamwambia baba mkubwa, "Baba, pale fine siyo faini. Anasema atakuwa salama."

Akanitazama. "Si wewe uliyeniambia ni faini?"

"Ni faini. Lakini pia ni salama."

"Na bibi yako ulimwambia ni safi."

"Na safi pia. Na nimeshiba pia."

Akasema, "Basi hicho kitu siyo neno." Ila kofia hakuivua.

Shida ni kwamba hata nilipoeleza, mama hakuinua uso. Nilimwelewa. Kuambiwa "atakuwa salama" na mtu ambaye hamwelewani, tena kupitia kwangu ambaye nimeshaharibu, kungemtuliza vipi?

Ndipo Bi Chola akasimama. Akaongea na Chanda kwa Kibemba, Chanda akaniambia shangazi anaomba Namkunda aitwe, yeye anakisikia Kibemba. Shangazi amechoka na Kiingereza.

Baba mkubwa akafikiri, kisha akasema, "Aitwe."

Namkunda akaingia na kitenge kimejaa unga. Bi Chola akaenda akakaa chini kwenye mkeka, miguuni pa mama. Akasema maneno machache, na mojawapo lilikuwa "umwana". Bibi akashtuka. Hata kwa Kipare mtoto ni mwana.

Dada yangu akatafsiri moja kwa moja kwa Kipare, sauti inakatika. "Anasema, na mimi niliolewa mbali, mama yangu akafa sijamwona. Mwana huyu akiugua, nitamleta mimi mwenyewe. Na akiwa mzima pia atakuja, kila mwaka."

Mama akajifuta uso kwa kanga. Akasema, "Mwambie asije kumshusha tu na kuondoka. Aje akae."

Namkunda akamwambia. Bi Chola akamshika mama mikono yote miwili, na posa ikapokelewa.

Harusi ilishafanyika wakuu, na Namkunda yuko Kitwe na mume wake. Ameniambia ndani ya nyumba ipo fine nyingine tena. Chanda akiitamka fupi bila kumtazama usoni, ujue amenuna.

Nilichojifunza ni kwamba kujua neno siyo kujua mtu anataka kusema nini. Ukiwa mkalimani, uliza mara mbili. Na jambo likigusa moyo, kila mtu aachwe aongee kwa lugha aliyolelewa nayo, atafutwe wa kuifikisha.

Siku hizi mama na Bi Chola wanapigiana simu kila Jumapili baada ya ibada. Mmoja anaongea Kipare, mwingine Kibemba. Sijui wanaelewana vipi. Ila Jumapili iliyopita mama alikata simu akaniambia, "Mwenzangu goti linamsumbua, nimemwambia achue na tangawizi." Nilipomuuliza Namkunda, akasema kweli, na shangazi alishaanza kuchua.

Haya, uwanja ni wenu. Nawe kuna neno la Kiingereza lililowahi kukuingiza kwenye kikao usichokitegemea? Mwaga hapa, mvua bado inanyesha na mimi niko ndani nasoma.